Muulize Kocha: Heroes wamekwenda wapi?

Mwezi uliopita niliandika mstari mmoja tu, tena wa utani, kwamba mjukuu wangu anawajua wachezaji wote wa Arsenal hadi wa akiba, lakini nikimtaka anitajie watatu wa Zanzibar Heroes, timu yetu ya taifa, anakuna kichwa. Nilidhani yameisha. Kumbe nimechokoza nyuki. Barua zilizokuja zingejaza pakacha, na nyingi zina hasira. Nimechagua nne. Ile iliyoanza kwa kunitukania mama nimeirudisha kwa mhariri, mwenyewe anajijua.

Kocha, assalaam alaykum. Niko Maskati, nimeondoka Unguja 1996. Mwaka mmoja kabla ya safari tulikaa barazani Kikwajuni na redio ya betri, tukasikia Heroes wamechukua Kombe la Challenge kulekule Uganda. Leo wanangu wananiuliza kama Zanzibar ina timu ya taifa. Nikipiga simu nyumbani kuuliza naambiwa "FIFA hao". Ni kweli FIFA ndiyo iliyotumaliza?
*Mtoto wa Kikwajuni, Maskati*

Waalaykum salaam, ndugu yangu. Redio yetu siku ile iliishiwa betri mapema, nasi tukasogea baraza ya jirani. Huenda ilikuwa yenu. Kama ndivyo, bado nawadai samahani kwa kahawa mliyotupa tukaimaliza.

Jibu: nusu ni kweli. Zanzibar ilianza kucheza Kombe la Gossage, lililokuja kuwa Challenge hii, mwaka 1949, na CECAFA, chama cha mpira cha Afrika Mashariki na Kati, mpaka leo inatupa nafasi yetu kama wenzetu wa Kenya na Uganda. Huko juu ndiko mlango unakofungwa. Tarehe 16 Machi 2017, mkutano wa CAF, shirikisho la mpira la Afrika, Addis Ababa, ulitupa uanachama kamili, tukawa wa 55. Tarehe 21 Julai mwaka huohuo, Rabat, wakaufuta, kwa hoja kwamba Zanzibar si dola inayojitegemea. Miezi minne! Mtaani kwangu kulikuwa na watu hawajamaliza kulipa deni la soda za kushangilia. Kwa hiyo Heroes hawachezi mechi za kufuzu AFCON, Kombe la Mataifa ya Afrika, wala Kombe la Dunia, na fedha za FIFA zinapitia TFF, shirikisho la mpira la Tanzania, jambo ambalo limezaa manung'uniko ya miaka na miaka baina ya pande mbili.

Timu yetu basi imebaki na mlango mmoja, Challenge. Na Challenge yenyewe siku hizi ni kama mvua za vuli, unaambiwa zinakuja ukikodolea mawingu. Ilichezwa 2015 Ethiopia, 2017 Kenya, 2019 Uganda. Ya 2021 waliwapa vijana wa chini ya miaka 23, na tangu hapo habari ya wakubwa imekuwa ya kuahirishwa. Nawe ni mtoto wa pwani, unalijua jambo hili. Ngalawa ikipandishwa mchangani ikaachwa juani haiozi, lakini kalafati inakauka na mbao zinaachana. Siku ukiishusha inaingiza maji, halafu watu wanamlaumu nahodha.

Sasa nikupeleke Machakos, Kenya, kwenye Challenge ile, maana ulikuwa mbali. Desemba 2017, miezi mitano tu tangu Rabat watufukuze, Hemed Suleiman "Morocco" aliwachukua vijana ambao nusu yao mashabiki wa Nairobi hawakuwahi kuwasikia. Wakawafunga Rwanda 3-1, wakawafunga ndugu zetu wa Bara 2-1, nusu fainali wakawatoa Uganda, mabingwa watetezi, 2-1. Fainali na Kenya, kwao wenyewe: Khamis Mussa, yule wanayemwita Rais, alisawazisha mara mbili, ya pili ndani ya dakika za nyongeza. Tulikufa kwa penalti. Kipa wao Matasi alitutoa roho. Nilikuwa nimesimama mbele ya televisheni ya duka la vinyozi, na kinyozi alikuwa amemwacha mteja na upara wa upande mmoja.

Kwa hiyo usiniambie vipaji vimekwisha. Nadir Haroub "Cannavaro" aliivaa beji ya unahodha wa Yanga na wa Taifa Stars, timu ya Tanzania. Abdi Kassim "Babi" ndiye aliyefunga bao la kwanza Uwanja mpya wa Taifa mwaka 2007. Leo una Feisal Salum, una Mudathir Yahya, una Ibrahim "Bacca". Morocco mwenyewe alipewa Stars akaifikisha AFCON ya 2025. Wote hao ni wetu. Kilichokosekana ni siku ya kuwakusanya.

Utaniambia: mbona Januari 2025 Heroes wamechukua Kombe la Mapinduzi, wakawafunga Burkina Faso 2-1 Gombani? Nilikuwapo Pemba siku ile, sauti ilinikauka siku mbili. Lakini lile ni kombe letu, nyumbani kwetu, tumeliandaa wenyewe. Mgeni akija kula kwako huwezi kujisifu umeshinda kupika.

Nusu ya pili ya jibu haina FIFA ndani yake. Hakuna mtu wa Zurich aliyekuja Unguja kutukataza kumfundisha mtoto wa miaka kumi kupokea mpira kwa mguu wa kushoto. Wewe unakumbuka Central, ligi zetu za mitaani: Juvenile kwa wadogo, Junior kwa waliokwisha vunja sauti, kisha Central yenyewe. Kila mtaa na timu yake, kila timu na mzee mmoja mkali mwenye filimbi. Central bado ipo. Lakini nenda ukasimame pembeni ya uwanja jioni moja uhesabu walimu waliosomea kufundisha watoto. Utatumia vidole vya mkono mmoja, na kidole gumba kitabaki.

Kisha tazama saa. Mtoto wa mjini anakwenda skuli, wengine mkondo wa asubuhi, wengine wa mchana. Akitoka kuna chuo cha Kurani, na chuo hakina mjadala. Kinachobaki ni baina ya alasiri na magharibi, na saa hiyohiyo wakubwa nao wanautaka uwanja. Zamani hilo halikuwa tatizo, mtoto alicheza chandimu uchochoroni, pekupeku, hadi aitwe kwa fimbo. Pale kwetu palikuwa na kiwanja chini ya miembe miwili. Mwembe mmoja ulikuwa ndani ya eneo la penalti, na mabeki wote wa mtaa ule walijua kumbana mshambuliaji hadi kwenye shina. Sasa pana maduka matano na gereji. Wakati huohuo tumejengewa Amaan mpya inayong'aa, hata mkondo wa pili wa fainali ya Kombe la Shirikisho la Afrika, Simba na Berkane, ulichezwa pale Mei 2025. Naifurahia. Ila mtoto wa miaka kumi haingii Amaan isipokuwa na tiketi.

La mwisho kwako, kisha nikuache upumzike. Itazame ligi kuu yetu: KMKM, JKU, Mafunzo, KVZ, Zimamoto, Polisi. Vikosi vya serikali vitupu. Siwalaumu, wanawapa vijana ajira na mshahara, na Unguja hii ajira si kitu cha kudharau. Lakini kikosi kinamtaka mchezaji aliyeiva. Klabu za mitaani, zile za enzi za Malindi iliyofika nusu fainali ya Kombe la CAF, ndizo zilizokuwa zikimlea mtoto tangu ananyonya kidole. Mlandege wamejitahidi, wamechukua Mapinduzi mara mbili mfululizo, 2023 na 2024, na ile ya pili wakamfunga Simba. Basi wanangu wa Maskati waambie timu ipo. Wakija likizo nitawapeleka wakaione Mlandege ikifanya mazoezi.

Shikamoo Kocha. Mwanangu ana miaka 12, anaupenda mpira kuliko wali. Mwalimu wake wa timu amenijia nyumbani akasema niende nikaape, nipate cheti kingine kinachosema ana miaka 10, ili acheze miaka mingi Juvenile na aonekane haraka. Anasema wote wanafanya hivyo. Baba yake yuko baharini, hataki kusikia habari za mpira. Nifanyeje?
*Mama wa Wete*

Marahaba, mwanangu. Usiende.

Ningeweza kuishia hapo, lakini umeniuliza kwa heshima, na mimi nina deni la jambo hili. Sijawahi kuliandika.

Mwanzoni mwa miaka ya 2000 nilikuwa na timu ya Juvenile. Nilikuwa na mchezaji tuliyemwita Mzee, na jina halikuja bure. Kwenye fomu alikuwa na miaka 13. Asubuhi ya fainali nilimfuata kwao nikamkuta uani, kioo amekiegemeza kwenye ndoo, ananyoa masharubu. Wembe nilimpa mimi, nimeununua jana yake. Alijikata kidogo chini ya pua, nikachana karatasi ya ndani ya pakiti ya sigara nikambandika. Uwanjani refa akapita mstari na kadi zake, akafika kwake, akamtazama karatasi ile puani. "Uko darasa la ngapi?" "La sita," Mzee akajibu, kwa sauti ya muadhini. Timu nzima ya wenzetu ikacheka. Refa naye akacheka, akampita. Tulishinda 3-0, Mzee mawili. Nilibebwa juujuu.

Benchi siku hiyo alikaa mtoto mwingine, Kijiti. Miaka 12 ya kweli, mwembamba, mguu wa kushoto ambao sijauona tena. Alikuwa anaweza kukupiga tobo huku anakusalimia. Mashindano yote hakucheza hata dakika kumi, kwa sababu nafasi yake alikuwa nayo Mzee. Fulana yake ya akiba ilirudi safi, mama yake hakuwa na haja ya kuifua.

Misimu miwili baadaye wenzake walimfikia Mzee kimo. Hapo tukagundua, au niseme nikagundua mimi, kwamba hajui kitu. Alikuwa akishinda kwa kifua. Hakuna aliyemfundisha kugeuka na mpira kwa sababu hakuwahi kuhitaji kugeuka, alikuwa anapita juu ya watoto wa watu. Akaacha. Kijiti alikwisha acha zamani. Juzi nilimkuta Nungwi, ana boti ya kuwapeleka watalii kupiga mbizi, tumbo limemtangulia. Wazungu walikuwa wanacheza mpira ufukweni, ukamjia, akautuliza kwa kisigino cha kushoto, akaurudisha mguuni kwa mwenyewe hatua thelathini bila kuutazama. Akaniona. "Shikamoo Kocha." Nikaitika marahaba, nikageuka nikaangalia bahari.

Sasa mambo ya kiserikali. Kwanza, kuapa uongo ni kosa, na atakayeshikwa ni wewe uliyeapa, si mwalimu. Pili, mwanao atakuwa na cheti kimoja cha mpira na kingine cha skuli, na siku ya kujiandikisha mitihani vitagombana. Tatu, mashindano ya chini ya miaka 17 siku hizi wanampiga mtoto picha ya kifundo cha mkono kwa mashine ya MRI. Mfupa ukikomaa, ile nafasi ya kukulia hufunga, na mashine inaona. Haina habari na kiapo cha mtu.

Tena tumeshaaibika. Aprili 2018 timu yetu ya chini ya miaka 17 ilikwenda Burundi kwenye mashindano ya CECAFA. Ikatolewa, kwa sababu ilikuwa na wachezaji waliozaliwa kabla ya 2002, mwaka ambao ndio ulikuwa mpaka. Vijeba. Waliokuwa na umri halali ndani ya kikosi kile nao walirudi na mabegi yao.

Mwalimu wako anakwambia wote wanafanya. Novemba 2023 watoto wetu wa chini ya miaka 15 walikwenda Uganda wakachukua ubingwa wa CECAFA kwa penalti, mbele ya Uganda wenyewe. Mwambie hilo. Akikataa kumpanga mwanao kwa sababu ana cheti cha kweli, mhamishe timu, Wete si ndogo kiasi hicho. Na baba yake akirudi baharini usimwambie habari za mpira. Mwambie twende tukatembee, mpitishe uwanjani.

Kocha, usitupe visingizio. Iceland ni watu laki tatu na nusu, na barafu juu. Walikwenda Euro 2016 wakamtoa Mwingereza, 2018 wakacheza Kombe la Dunia. Sisi sensa ya 2022 imetuhesabu 1,889,773. Tumeshindwa nini?
*Mwenye hesabu zake, Mwanakwerekwe*

Hesabu zako nzuri, kijana, ila umehesabu watu. Wenzako walihesabu walimu. Kule mtoto wa miaka sita, saba, anafundishwa na mtu mwenye leseni ya UEFA, na analipwa. Walijenga kumbi kubwa zenye uwanja ndani ili msimu wa baridi usiwanyang'anye miezi. Sisi hatuna baridi, Mungu katupa jua bure mwaka mzima, tumelitumia kuanikia dagaa.

Ukitaka mfano wa karibu, usivuke Ulaya, vuka mkondo tu hapa. Wangazija ni wachache kuliko sisi. Waliingia FIFA 2005, na AFCON iliyochezwa mwanzoni mwa 2022 wakamfunga Ghana 3-2. Mechi iliyofuata hawakuwa na kipa, wakamweka beki langoni, na Kameruni wakapata tabu kuwafunga 2-1. Lakini tusijidanganye, wengi wa wachezaji wao wamelelewa katika vituo vya Ufaransa. Wao wana Marseille, sisi tuna Dar es Salaam. Na Dar es Salaam inawachukua wakiwa tayari, ndiyo maana nasema malezi ni kazi yetu wenyewe.

Kocha, mimi nafundisha watoto 43 huku Fuoni, kwa kujitolea. Nina mipira mitatu, mmoja unavuja. Uwanja ni nusu, nusu nyingine mwenyewe ameweka msingi wa nyumba. Nianze wapi?
*Mwalimu wa jioni*

Umeshaanza, mwenzangu. Nina mambo ya kukwambia, yachukue unayoyataka.

Acha kuwapanga kumi na mmoja kwa kumi na mmoja. Nimeona walimu wanafanya hivyo na watoto wa miaka tisa: wanne wanakimbia na mpira, kumi na wanane wanawatazama, kipa anachimba mchanga. Nusu uwanja inakutosha. Gawa mapande manne, wanne kwa wanne, goli ni kandambili mbili, hakuna kipa. Mtoto ataugusa mpira mara nyingi kuliko mwezi mzima wa mechi kubwa. Mapande manne yanataka mipira minne, najua, nitakuja huko. Wasio na zamu wape soksi zilizosokotwa, wapige danadana. Sisi sote tulianzia kwenye soksi.

Usiwaambie namba. Mtoto wa miaka kumi si "namba sita". Leo mpange nyuma, kesho mbele. Yule mfupi anayelia akikosa, huyo ndiye umwangalie.

Muda: zungumza na walimu wa chuo. Usiwapite, wafuate, kunywa nao kahawa. Nilipofanya hivyo mimi, maalim mmoja alikubali kuwaacha watoto robo saa mapema Alhamisi, kwa sharti kwamba asiyehifadhi sura yake hachezi. Sijawahi kupata nidhamu kama ile tena.

Na daftari. Hili ndilo kubwa. Nunua daftari gumu, lile la kaunta, uandike kila mtoto: jina kama lilivyo kwenye cheti, tarehe ya kuzaliwa, siku aliyoanza kwako, siku aliyoondoka na alikokwenda. FIFA ina utaratibu: mchezaji akiuzwa kutoka nchi moja kwenda nyingine, asilimia 5 ya ada inagawiwa klabu zilizomlea tangu mwaka wa miaka 12 hadi 23. Fedha hiyo haitolewi kwa hadithi za barazani, inatolewa kwa usajili unaoonekana. Kwa hiyo timu yako isajili rasmi, na kumbukumbu ziwe sawa na cheti. Wangapi wamepita mikononi mwangu, na leo nikiulizwa niliwalea mwaka gani, natazama dari.

Nyumbani nina mipira miwili, mmoja una kiraka lakini haupungui upepo. Ni yako. Pitia kwa mhariri atakuelekeza kwangu, njoo baada ya alasiri, na uje na daftari. Nataka nione majina yote 43, na tarehe zao.